Kwa Nini Mfanyakazi Abishe Hodi Hazinani?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Waliotunga methali hii yamkini walimfikiria mfanyabiashara anayekopesha bila kuandika, hata wadeni wakamkana mchana kweupe. Katika zama zetu kuna mali nyingine inayopotea vivyo hivyo, nayo ni maarifa ya kazi. Mfanyakazi hustaafu, huhamishwa, hujiuzulu au huitwa na Mola wake. Aondokapo, huondoka na mambo aliyojifunza kwa miaka thelathini, na anayekirithi kiti chake huanza kupapasa gizani upya. Ili kuliziba pengo hilo, mashirika mengi, ya umma na ya kibinafsi, yameunda hazina za kielektroniki: mahali katika tarakilishi panapowekwa ripoti, miongozo, kumbukumbu za mikutano, tafsiri, orodha za istilahi na majibu ya maswali yanayorudiwarudiwa, ili yeyote mwenye haja atafute na apate.

Mengi yamesemwa kuhusu namna ya kuzijenga hazina hizi na namna ya kuwashawishi watu waweke humo wayajuayo. Swali linalonikereketa mimi ni la upande wa pili. Mfanyakazi huyu, mwenye shughuli zake na haraka zake, ana sababu gani ya kuingia humo kutafuta? Kwa nini asimgeukie jirani yake wa meza ya pili akamuuliza? Na pale anapoamua kwenda hazinani, ni kitu gani kilichompeleka?

Nimefanya kazi ya kutafsiri katika shirika moja humu nchini kwa miaka kadhaa, na jina la shirika hilo nalihifadhi. Kutokana na niliyoyaona na niliyoyasoma, nathubutu kusema kwamba watu huenda hazinani kwa imani, wala si kwa amri. Aidha, imani hiyo hujengwa na mambo ambayo sisi tuliosomea lugha tunayafahamu vizuri, pengine kuliko mafundi wanaoiunda mitambo yenyewe. Ndiyo maana nimeona mada hii inafaa kuletwa mbele ya wanachama wa chama cha Kiswahili.

Ghala, hifadhi au hazina?

Tuanze na jina, maadamu kwetu jina si jambo dogo. Nimesikia watu wakiita mahali hapo ghala, wengine hifadhi, na wengine hazina. Kila neno hubeba picha yake. Ghala ni la nafaka. Mahindi huingia na hutoka, na yasipotoka kwa wakati huingiwa na dumuzi. Hifadhi nayo inatokana na kitenzi ambacho Waswahili wamekitumia kwa maana mbili: kuweka kitu salama, na kukitia moyoni, kama mwanachuoni anavyoihifadhi Kurani. Katika maana hii ya pili, kitu hakijahifadhiwa mpaka mtu aweze kukitoa tena pale kinapohitajika. Hazina ni mahali pa vitu vya thamani, penye mlinzi na ufunguo, na anayeingia humo huingia akiamini kwamba hatatoka mikono mitupu.

Nimechagua neno hazina si kwa sababu mashirika yetu yamelistahiki, bali kwa sababu ndilo linalotaja sharti lenyewe. Mtu haendi hazinani kutazama rafu. Huenda kwa kuwa anatumaini kupata kitu chenye thamani kuliko muda atakaoutumia kukitafuta. Ama kwa hakika, hifadhi nyingi nilizowahi kuziona ni maghala ambayo mahindi yake hayajageuzwa tangu yalipoingizwa.

Jirani kwanza

Tukiri kwamba ada ya binadamu ni kumuuliza binadamu mwenziwe. Mtafiti Thomas Allen, katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1977 kuhusu wahandisi na wanasayansi kazini, alionyesha kwamba mazungumzo ya kikazi hupungua upesi sana kadiri meza za watu zinavyoachana. Anayekaa karibu ndiye anayeulizwa, hata kama mjuzi zaidi yuko ghorofa ya juu. Sidhani kuna mfanyakazi atakayelishangaa hilo. Nikitafsiri sentensi ikanigomea, shingo yangu hugeuka kabla vidole havijafika kwenye baobonye.

Kumuuliza mtu kuna faida ambazo tarakilishi haina. Jirani husikia swali langu, kisha huniuliza swali lake: unawaandikia nani? Ni wa bara au wa pwani? Mteja amesemaje? Mara nyingi hugundua kwamba nililouliza silo nililohitaji kuuliza. Mwanaanthropolojia Julian Orr aliwafuata mafundi wa kampuni ya Xerox waliokuwa wakitengeneza mashine za kunakili, na mwaka wa 1996 akachapisha kitabu juu ya maisha yao ya kazi. Mafundi hao walikuwa wamepewa miongozo iliyoandikwa kwa makini. Hata hivyo, mashine ilipowachachamalia, walichotegemea zaidi ni visa walivyosimuliana wakila pamoja: mashine fulani, ya ofisi fulani, ilivyowasumbua na hatimaye ilivyosalimu amri. Ujuzi wao uliishi katika masimulizi. Kwetu sisi tuliolelewa na fasihi simulizi, hilo halihitaji ushahidi zaidi.

La kuvutia ni lililofuata. Katika miaka ya 1990 kampuni hiyohiyo ilianzisha mfumo ulioitwa Eureka, kwanza miongoni mwa mafundi wa Ufaransa. Fundi aliyegundua dawa ya hitilafu fulani aliiandika kwa ufupi. Mafundi wenziwe wenye ujuzi waliipitia na kuijaribu, nayo ikipita iliwekwa mahali ambapo mafundi wengine wote wangeipata, ikiwa na jina la aliyeileta. Mfumo huo ulitumika. Kwa maoni yangu, ulitumika kwa sababu uliyabeba yale yale yaliyokuwa katika mazungumzo ya mezani: tatizo halisi, jibu lililojaribiwa, na mtu anayejulikana aliyesimama nyuma ya neno lake. Fundi alipolisoma jibu hilo alikuwa kana kwamba anamsikia mwenziwe.

Kiangazi na ukame

Msomaji mpenzi, niruhusu sasa nitoe mfano wa karibu. Shirika ninalolitaja liliwahi kushirikiana na kampuni moja kuwaeleza wakulima kuhusu bima ya mazao. Bima ya aina hii haihitaji mtu aje kuhesabu mahindi yaliyonyauka. Hupimwa mvua, na ikipungua chini ya kiwango kilichowekwa katika miezi iliyotajwa, mkulima hulipwa fidia. Kijitabu cha maelezo kiliandikwa kwa Kiingereza, kikapewa mfasiri wa kibarua, naye akapewa siku mbili. Kikatoka kikisema kwamba mkulima atalipwa fidia iwapo kiangazi kitatokea.

Mwezi wa kiangazi ulipofika, wakulima walikuja kudai haki yao. Nilikuwepo kwenye baraza lililoitishwa kutuliza mambo, nikiwa mkalimani wa wageni waliotoka makao makuu. Mama mmoja mzee alisimama, akanitazama mimi, si wageni, akaniuliza: "Mwanangu, ni mwaka gani ambao kiangazi hakikuja?" Nilimfasiria swali lake kwa wakubwa waliokuwapo, lakini halikuhitaji kufasiriwa. Kiangazi ni majira, huja kila mwaka kama usiku unavyoufuata mchana. Kinacholipiwa na bima ni ukame, yaani kukosekana kwa mvua wakati ambao ilitarajiwa. Kampuni haikuweza kuwalipa watu wote kwa sababu ya jua la kila mwaka, na wakulima hawakuwa na sababu ya kuamini kwamba hawakulaghaiwa. Wengi wao hawakurudi kukata bima mwaka uliofuata, na baadhi yao ndio ambao wangeihitaji zaidi.

La kuniuma ni kwamba jibu lilikuwepo. Uchunguzi ulipofanywa, ilipatikana ndani ya hifadhi ya shirika hati ya miaka kadhaa iliyotangulia, iliyoandikwa na mfasiri mkongwe aliyekwisha kustaafu. Mzee huyo alikuwa ameorodhesha istilahi za kilimo, na mbele ya neno ukame akaeleza kwa mistari mitatu kwa nini lisichanganywe na kiangazi, akataja kwamba aliwahoji wakulima katika mikutano miwili kabla ya kuamua, kisha akaweka jina lake na tarehe. Kazi safi kama hiyo ungeitaka nini zaidi? Lakini faili yenyewe ilipewa jina la Kiingereza lenye maana ya kiambatisho cha nne, toleo la mwisho. Ilizikwa ndani ya kabrasha la mradi uliokwisha kufungwa. Mfasiri wa kibarua hakuwa na ruhusa ya kuifungua hifadhi hiyo, na waliokuwa na ruhusa walikuwa wamekata tamaa nayo zamani.

Katika kisa hiki mtu anaweza kuona, moja baada ya jingine, mambo yanayomfanya mfanyakazi atafute au asitafute. Nitayaeleza machache.

Aibu ya kuuliza

Tunaambiwa kuuliza si ujinga, na tunaambiwa pia kwamba mficha uchi hazai. Wahenga wasingeyasisitiza hayo kama kuuliza kungekuwa rahisi. Kijana aliyeajiriwa juzi, mwenye shahada ya daraja la juu, atamwendea vipi mkuu wa kitengo kwa mara ya tano asubuhi hiyohiyo? "Mwalimu, samahani, nakusumbua tena." Mara ya kwanza hujibiwa kwa tabasamu, mara ya tatu kwa mguno, na mara ya tano huogopa kwamba jina lake litapelekwa mahali. Isitoshe, katika mila zetu nyingi mdogo hamhoji mkubwa kwa mfululizo, wala hamuulizi "una hakika?" baada ya kujibiwa.

Tarakilishi haina uso wa kukunjwa. Inaulizwa jambo moja mara kumi, usiku wa manane, na haisimulii jikoni wakati wa chai. Nimewaona vijana wengi wakianza kuitumia hazina kwa sababu hii pekee, kwamba inawahifadhia heshima yao wakiwa bado wanajifunza. Wakubwa nao wana aibu yao, pengine kubwa zaidi. Mtu mwenye cheo hapendi kuonekana akiuliza maana ya jambo analosemekana kulijua. Hazina humsitiri naye.

Umbali ni jambo la pili. Anayefanya kazi nyanjani hana jirani wa kumgeukia. Stephen Denning, aliyekuwa akifanya kazi katika Benki ya Dunia, alipenda kusimulia kisa cha mhudumu mmoja wa afya wa Kamana, nchini Zambia, ambaye mwezi wa Juni mwaka wa 1995 aliingia kwenye mtandao na kupata jibu la swali lake kuhusu tiba ya malaria kutoka tovuti ya kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa. Denning alikitumia kisa hicho kuwauliza wenzake: nasi, pamoja na yote tunayoyajua kuhusu umaskini, mbona hatumo katika picha hii? Mwaka wa 1996 rais wa benki hiyo, James Wolfensohn, alitangaza nia ya kuifanya kuwa benki ya maarifa pia. Mimi hukitazama kisa hicho kwa jicho la yule mhudumu. Hakuamrishwa na yeyote kutafuta. Alikuwa na mgonjwa, alikuwa mbali na wajuzi, na alijua mahali ambapo neno likiandikwa linaaminika. Mambo hayo matatu yakikutana, mtu hatafuti visingizio.

Chema chajiuza

Kuhusu kuaminika, utafiti unakubaliana na wahenga. Fred Davis alionyesha mwaka wa 1989 kwamba watu hukubali kutumia mfumo wa tarakilishi wakiona utawafaa na hautawatesa, na kwamba kufaa huwa na uzito kuliko wepesi. Mwaka wa 2005 Kankanhalli, Tan na Wei walichapisha utafiti kuhusu swali letu hasa: ni nini kinachowafanya wafanyakazi watafute maarifa katika hazina za kielektroniki za mashirika yao? Jambo lililojitokeza kuwa na athari ya moja kwa moja ni ubora wa kile kinachopatikana humo. Kuwapa watu muda, vifaa na usaidizi kulisaidia hasa pale ambapo kazi yenyewe ilikuwa ya aina inayoelezeka kwa maandishi, na motisha zilisaidia hasa pale ambapo kazi za watu zilitegemeana. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nimeiona hifadhi ikijitembeza. Wakubwa walitoa waraka: kila mfanyakazi aingie humo mara moja kwa wiki. Watu wakaingia, wakafungua ukurasa wa kwanza, wakatoka, na takwimu zikapanda. Kisha ikaletwa zawadi kwa anayeweka hati nyingi zaidi. Hati zikamiminika: kumbukumbu za mikutano zisizo na uamuzi, nakala saba za ripoti moja, picha za sherehe ya kumuaga mhasibu. Kabla ya hapo, ukitafuta neno moja ulipata hati nne na moja kati yake ilikufaa. Baada ya hapo ulipata hati mia mbili, na ile moja ilikuwa imo bado, lakini nani angeifikia? Mtafunwa na nyoka, akiona unyasi hushtuka. Mtu akitafuta mara mbili akapata takataka, au akapata jibu lililopitwa na wakati likamwaibisha mbele ya mteja, hatarudi mara ya tatu hata aandikiwe nyaraka kumi.

Wala hili si tatizo la mashirika maskini. Shirika la Marekani la anga za juu, NASA, lina mfumo wa kuhifadhi mafunzo yaliyotokana na safari zake, ikiwemo mikasa. Ofisi ya ukaguzi ya bunge la nchi hiyo ilieleza katika ripoti ya Januari mwaka wa 2002 kwamba mafunzo hayo hayakuwa yakitafutwa na kutumiwa kwa desturi na wasimamizi wa miradi. Ikiwa wanaorusha vyombo hadi sayari nyingine huipita hazina yao bila kubisha hodi, sembuse mfasiri aliyepewa siku mbili?

Basi ubora huo ni upi? Kwa kazi yetu ya lugha, nimejifunza kutafuta mambo manne katika kila jibu la hazinani: nani alisema, alisema lini, kwa nini alichagua hivyo, na ni wapi ambapo chaguo lake halifai. Orodha inayosema tu kwamba neno fulani la Kiingereza ni neno fulani la Kiswahili hunifaa nusu. Yule mzee mstaafu alitoa yote manne kwa mistari mitatu. Nikimsoma naweza kukubaliana naye au kumpinga, kwa sababu ameniachia sababu zake.

Siku hizi mashirika yanaanza kuweka programu za akili unde zinazosoma hazina yote na kutoa jibu moja kwa ufasaha. Sina ugomvi nazo, lakini ufasaha haujawahi kuwa ushahidi. Programu hiyo ikisoma orodha isiyo na jina, tarehe wala sababu, itanipa jibu lisilo na jina, tarehe wala sababu, tena kwa kujiamini kuliko mwenye orodha.

Yasiyoandikika

Nisieleweke kana kwamba naidai hazina ibebe kila kitu. Mwanafalsafa Michael Polanyi alieleza mwaka wa 1966 kwamba sehemu kubwa ya tunayoyajua hatuwezi kuyatamka. Mkalimani mzoefu hujua, kwa kutazama tu jinsi wazee wa baraza wanavyobadilisha mkao, kwamba neno alilolitumia limewachoma. Hata aandike kurasa mia hatanipa jicho hilo. Nitalipata kwa kukaa kando yake kwa miaka. Maarifa ya namna hiyo mtu huyafuata kwa mwenye nayo, naye mwajiri mwenye busara humpa muda wa kufuata.

Hata hapo hazina ina kazi yake, nayo ni kunionyesha njia ya kumfikia mjuzi. Jina lililoandikwa chini ya hati hunijulisha kwamba kuna mtu aliyewahi kuhangaika na jambo langu. Baada ya mkasa wa kijitabu, nilimtafuta yule mzee kwa simu. Hakuniongezea mengi kuhusu ukame, kwani alikwisha kuyaandika. Alinieleza namna alivyowahoji wakulima bila kuwatia majibu midomoni, jambo ambalo halikuwamo ndani ya hati na pengine lisingeweza kuwamo.

Lugha ya hazina

Sasa nafikia jambo linalotuhusu sisi kuliko wengine wote. Kwa mujibu wa Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka wa 2010, Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, sambamba na Kiingereza. Hata hivyo, hazina nyingi nilizoziona zimepangwa kwa Kiingereza kitupu. Majina ya makabrasha ni ya Kiingereza, maneno ya kutafutia ni ya Kiingereza, na hati ya Kiswahili hupachikwa humo kama mgeni asiyetambulishwa. Mfasiri anayetafuta maarifa ya Kiswahili hulazimika kwanza kukisia ni jina gani la Kiingereza ambalo mwenziwe aliyapa.

Lakini hata majina yakibadilishwa, mitambo yenyewe haijui sarufi yetu. Programu nyingi za kutafuta zilibuniwa kwa kuifikiria lugha ambayo maneno yake hubadilika mwishoni. Hukata kiambishi tamati na kubaki na shina. Kiswahili hubadilika mwanzoni. Nikiandika mkulima, mtambo wa namna hiyo hauniletei wakulima. Nikiandika jicho, hauniletei macho. Nikiandika kitenzi kulipa, hati yenye amelipa, hatalipwa au wakilipana hukaa kimya. Zaidi ya hayo kuna visawe. Mmoja ameandika tarakilishi, wa pili kompyuta, wa tatu, aliyesoma zamani kidogo, ngamizi. Mmoja ameandika mabadiliko ya tabianchi, mwingine mabadiliko ya hali ya hewa, na hapo pana tofauti ya maana kama ile ya ukame na kiangazi. Anayetafuta kwa neno moja hupata theluthi ya maarifa na kudhani ndiyo yote, au hukosa kabisa na kuhitimisha kwamba Kiswahili hakina kitu humo.

Hitimisho hilo la mwisho ndilo linalonitia hofu. Mfanyakazi asipopata kitu kwa Kiswahili mara mbili, mara ya tatu hutafuta kwa Kiingereza, na mara ya nne huandika kwa Kiingereza ili wenziwe wampate. Hivyo lugha hufukuzwa ofisini bila mtu yeyote kutoa amri ya kuifukuza.

Chuo kikuu nacho ni shirika

Nisingependa wahadhiri wetu wayasome haya wakidhani yanawahusu watu wa mashirika ya mbali. Chuo kikuu ni mwajiri, na mhadhiri ni mfanyakazi mwenye hazina. Vyuo vikuu vyetu, kikiwemo cha Nairobi na cha Kenyatta, vina hifadhi za kidijitali ambamo tasnifu za uzamili na uzamifu huwekwa. Kazi za isimu, za ushairi, za tafsiri na za lahaja zimo humo. Napenda kuwauliza walimu wangu kwa heshima: ni mara ngapi mmefungua hifadhi ya chuo chenu kabla ya kumwidhinishia mwanafunzi mada? Na kama hamfungui, ni kwa sababu ipi kati ya hizi nilizozitaja? Je, mlitafuta kwa neno moja likawanyima? Mlikuta ikisiri isiyosema utafiti uligundua nini? Au ni rahisi zaidi kumuuliza mwenzenu wa ofisi ya pili, ambaye naye atastaafu?

Nasi wanafunzi tunaoandika tasnifu hizo tujiulize tunaziachaje. Maneno muhimu tunayoyaandika chini ya ikisiri huonekana kama desturi tu ya kumridhisha msimamizi. Kumbe ndiyo mlango wa pekee ambao mtafutaji wa miaka kumi ijayo ataupitia. Tukiandika visawe vyote, tukaeleza istilahi tulizoziunda na kwa nini tuliziacha nyingine, tutakuwa tumemwachia ufunguo.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba mfanyakazi hubisha hodi hazinani pale ambapo aibu au umbali unamzuia kumuuliza mtu, pale ambapo swali lake ni la aina inayojibika kwa maandishi, na zaidi ya yote pale ambapo amewahi kufika akapata jibu lenye mwenyewe. Hasukumwi na waraka, wala haendi mbali kwa zawadi. Kwa hiyo anayetaka hazina yake itumike asianze kwa kuwahimiza watafutaji. Aanze kwa kupunguza kilichomo, akitenge kizuri, akiandikie jina, tarehe na sababu, kisha akipe maneno ambayo mtu wa kawaida angeyatumia kukitafuta.

Kazi hii inawahitaji watu wanaojua tofauti ya kiangazi na ukame, wanaojua kwamba wakulima na mkulima ni neno moja lililovaa nguo mbili, na wanaojua kwamba ngamizi na tarakilishi ni ndugu. Mafundi wa mitambo hawatajua hayo tusipowaambia. Wahitimu wa Kiswahili huulizwa kila siku watafanya kazi gani nje ya ualimu na utangazaji. Mimi nawajibu kwamba kuna maghala yaliyojaa kila ofisi, yakimngoja mtu wa kuyageuza kuwa hazina. Yule mama wa barazani alistahili kijitabu kilichoandikwa vizuri, na maneno ya kukiandika yalikwisha kuwekwa na mtu aliyejua. Yalichokosa ni mtu wa kuyafikisha mahali yanapoonekana.